Watoro wawili mbele ya bunduki: Hamp na Slovik

Filamu mbili, “King and Country” (1964) ya mwongozaji Joseph Losey na “The Execution of Private Slovik” (1974), iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni, zote zinamfuata askari mtoro hadi anapopigwa risasi na jeshi lake mwenyewe. Ila watoro hao hawafanani hata kidogo.

Hamp, Mwingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliondoka tu. Mizinga imemchosha, wenzake wamekwisha, akashika njia kwa miguu kuelekea kwao. Mbele ya mahakama ya kijeshi hajui hata kujitetea. Tom Courtenay anamwigiza kama mtu asiyeelewa kosa lake ni lipi. Slovik, Mmarekani anayeigizwa na Martin Sheen, anajua anachofanya. Anaandika kwa mkono wake kwamba akirudishwa vitani atatoroka tena, na akipewa nafasi ya kuifuta kauli hiyo, anakataa. Huyu alikuwa mtu halisi: Wamarekani walimuua huko Ufaransa tarehe 31 Januari 1945.

Kwangu mimi, ya Losey iko juu. Mvua haikatiki, tope limejaa kila mahali, na askari wanamshtaki panya kwa mchezo wakati kesi ya kweli inaendelea jirani. Inaumiza kuitazama. Ile ya Slovik usiikose kwa ajili ya dakika zake za mwisho na kasisi.