Mezcal ya familia Matatlán, uzoefu wangu mtoto wa Korogwe

Mimi nimekulia Korogwe, mkonge naujua kuanzia miiba yake, kwa hiyo nilipofika Santiago Matatlán kule Oaxaca, Meksiko, kuona mezcal, ile pombe kali yao, inavyotengenezwa, nikaona mashamba yamejaa mimea ya ukoo ule ule nilihisi niko nyumbani kabisa. Na ni ndugu kweli, mkonge wetu asili yake ni hukohuko, yule Mjerumani Hindorf aliuleta 1893 kupitia Florida na miche 62 tu ndo ilifika hai. Ila sisi tunataka majani tupate katani, wao majani wanayatupa wanataka moyo, wanauita piña yaani nanasi, na ukishachongwa unafanana nalo kweli.

Kiwanda kiko uani kwa familia moja, baba, mama na vijana wawili. Kijana mkubwa ndo anaongea Kiingereza. Espadín, aina ya mmea wanaoutumia, wanaisubiri miaka 7 au 8 hivi, ikianza kutoa mlingoti wanaukata ili sukari ibaki chini, kisha wanachoma kwenye shimo lenye mawe ya moto na kufukia na udongo siku kama 4, moshi unaousikia kwenye ladha unatoka hapo. Farasi anavuta jiwe la kusagia, inachachuka yenyewe kwenye mapipa ya mbao bila hamira, halafu inapikwa mara 2 kwenye mtambo wa shaba.

Sasa mimi pombe ya kupikwa uani naiogopa sana, jirani yetu alipofuka macho kwa gongo iliyochanganywa spiriti, na nikamwambia mzee hivyo hivyo. Hakukasirika hata kidogo, akanionyesha ile inayotoka mwanzo anavyoitenga, akanyonya nyingine kwa mwanzi akaimimina kwenye kibuyu, tukatazama mapovu yanavyokaa pembeni kama shanga, yakikaa muda ujue nguvu iko sawa. Akasema kilevi kitakuwa asilimia 48, akaweka kipimo, ikasoma 48. Aisee hapo hofu iliniisha.

Ladha ni moshi, halafu utamu unakuja nyuma taratibu, inyweni kidogo kidogo msiibugie. Chupa peso 400, kwa kazi niliyoiona naona bei ni halali. Kizibo tu ndo kibovu, ilivuja kwenye begi nguo zote zikanuka, fungeni na nailoni. Nikirudi nataka mezcal ya tobalá, aina ile ya mmea wa porini, siku ile ilikuwa imeisha.