Yai la elfu tatu

Bado nina hasira, kwa hiyo mnisome hivyo hivyo.

Jumapili moja si muda mrefu, baada ya misa, wifi yangu akanitoa. Kasikia kuna bistro ya Kifaransa huko Masaki, ndogo, ya mtaani, meza chache barazani na menyu ya chaki ubaoni. Tumefika saa tano na ushee. Mimi saa hizo Jumapili huwa nipo kwenye supu na chapati, ila nikajisemea leo na tule kizungu.

Nikaagiza croque-madame. Usiyeijua: ni mkate, jibini, sosi nyeupe ya maziwa na hemu (ambayo tusidanganyane, ni kitimoto kilichosoma), inaingia oveni mpaka juu ipate madoa ya kuungua, kisha inakaliwa na yai la kukaanga. Ukiiacha bila yai inaitwa croque-monsieur. Yaani yai ndilo linamgeuza bwana kuwa bibi, basi! Sahani ikaja. Bwana mtupu.

Nikamwita kijana, kwa upole kabisa. "Mwanangu, yai langu liko wapi?"

Akaitazama sahani, akanitazama mimi kuanzia kilemba mpaka viatu. "Mama, Ufaransa inaliwa hivyo. Yai ni la kuongeza, elfu tatu."

Elfu tatu! Nikaomba meneja. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na sote wawili ni wa hapahapa. Akafungua menyu ya mezani anisomeshe kama mtoto wa chekechea, kidole kinatembea chini ya maneno: mkate, hemu, jibini... Kikafika kwenye "yai". Kikasimama. Akafunga menyu taratibu, akaondoka. Pole hakuna.

Yai lilikuja kahawa imeshaisha, peke yake kwenye kisosi, limepoa, kiini kigumu kama kifutio. Kile kiini ndicho kinatakiwa kipasuke kitiririke juu ya mkate! Kuanzia hapo sikupenda kitu. Kiti kilikuwa kinacheza, muziki wa msibani, hata vile vitambaa vya mezani niliviona vina kiburi.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni supu ya vitunguu aliyoagiza wifi. Nilionja kijiko kimoja ili nipate cha kulalamikia. Jamani. Vitunguu vimelainika, rangi ya kahawia, vina utamu wake wenyewe, juu kipande cha mkate na jibini inayovutika mpaka unaona aibu mbele za watu. Vitunguu havifiki hapo kwa moto wa haraka, lazima mtu asimame navyo karibu saa nzima anageuza. Kijiko cha pili, cha tatu, wifi akavuta bakuli upande wake. Huyo mpishi anayeweza hayo, yai limemshindaje? Au hata hakuambiwa? Pengine namwonea.

Nilikuwa natoa nyota moja. Kwa supu ziwe tatu. Halafu nikaitazama risiti, nayo ilikuwa na mstari wake kabisa: yai, 3,000. Basi mbili.

Wifi analipa huku anacheka, eti turudi mwisho wa mwezi kwa ajili ya ile supu. Na mimi, Mungu anisamehe, sikukataa.