Siku tatu maweni: tathmini ya matembezi ya kusini Unguja pamoja na wenyewe

Matembezi niliyoyalipia wakati wa likizo ya Agosti yalitangazwa kwa sentensi moja: siku tatu kwa miguu kutoka Pete hadi Makunduchi, usiku mmoja kambini na mmoja kijijini, mkiongozwa na wenyewe wa ardhi. Nililipa shilingi laki tatu na nusu, ambayo ni bei ya mkaazi. Mgeni hulipa kwa dola, na hulipa zaidi ya mara mbili. Tulikuwa watu saba, yaani walimu watatu wa skuli za mjini, mimi nikiwa mmoja wao, ndugu wawili kutoka Wete, na mke na mume kutoka Ujerumani. Wakala aliyetupeleka ana ofisi ndogo Mji Mkongwe, na kwa sababu zitakazoonekana mbele sitamtaja jina.

Kwa asiyekujua huko, kusini na mashariki ya Unguja si nchi ya karafuu. Mikarafuu na minazi mingi imekaa upande wa magharibi kwenye udongo mzito. Huku ni maweni, jiwe la matumbawe ya kale lililobaki juu bahari iliposhuka, limetobokatoboka kama sega la nyuki na lina makali ya kukata soli. Mvua inanyesha, lakini maji hayakai, kwani hupenya kwenye jiwe yakazama, na hakuna mto wala kijito, hata mtu anaweza kutembea asubuhi nzima kati ya vichaka vya kimo cha bega bila kuona tone, na huku maji yako chini ya miguu yake, ndani ya mapango. Anayejua pango lipi lina maji, lipi huingiwa na lipi haliingiwi, huyo ndiye mwenye nchi. Ndiyo maana nilipoliona neno "wenyewe" katika tangazo nilitaka kujua wakala amelitumia kwa maana gani.

Siku ya kwanza ilinijibu nusu. Tulipewa viongozi wawili: kijana wa ofisini mwenye fulana ya nembo, anayesema Kiingereza na Kijerumani bila kukwama, na mzee wa kijiji cha jirani aliyekuja na panga, chupa ya chai na kandambili za bluu zilizoshonwa ukanda kwa waya. Tulianzia kwenye njia ya mbao inayopita juu ya mikoko ya Pete, kisha tukaingia upande wa msitu. Kijana alitueleza vizuri kwamba Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004 na kwamba kima punju kwa asili yake hapatikani popote duniani ila hapa Unguja. Mzee alikuwa kimya mpaka tulipofika kwenye tanuu la makaa lililokwisha kupoa. Aliinama, akachambua jivu kwa kidole, akaokota kipande cha kaa kilichotafunwa ubavu mmoja, akatuonesha. "Huyu kazi yake," alisema. Wajerumani walidhani anatania. Kumbe ni kweli: punju wanaoishi karibu na mashamba hula majani ya mikungu na miembe, ambayo yana sumu kidogo, na kaa huifyonza sumu hiyo tumboni. Maelezo ya sumu aliyatoa kijana, na kipande cha kaa alikitoa mzee, nami nikaona kwamba hapo ndipo matembezi haya yanapokuwa na thamani, yaani wanapozungumza wote wawili na hakuna anayemfunika mwenziwe.

Niliuliza kuhusu fedha za kiingilio cha hifadhi, ambazo sehemu yake hurudi vijijini. Mzee alicheka. "Kima anakula vidaka vyangu mwaka mzima, mimi nakula fedha yake mara moja."

Kuanzia hapo hadi wakati wa magharibi tulikata maweni, na mzee ndiye aliyetangulia. Sijapata kuona mtu akitembea vile: kandambili zake hazikukanyaga ncha hata moja, ilhali mimi na viatu vyangu vya ngozi nilijikwaa mara nisizoweza kuhesabu. Alitupitisha kwenye shamba lake, ambalo mtu wa mjini angelipita bila kujua kuwa ni shamba. Mawe yamepangwa bila chokaa kuwa ukuta wa kiunoni wa kuzuia nguruwe, na ndani yake mihogo na mibaazi imepandwa kwenye vishimo vya jiwe, kila shina katika udongo usiozidi viganja viwili. Hakuna jembe linaloingia pale. Hupandwa kwa ncha ya panga. Njiani alichimba mzizi wa mdaa, ambao wanawake waliusugulia meno na kukolezea midomo, akampa yule mama wa Kijerumani, ambaye midomo yake ilibaki ya hudhurungi mpaka tulipolala.

Kambi ilikuwa nzuri, na mahema yalikuwa makavu na safi, basi sitakaa hapo. Nitasema tu kwamba ofisi ilileta boflo na jemu ndani ya karatasi za plastiki, na kinamama wa kijiji wakaleta muhogo wa nazi kwa changu wa kukaanga, na kwamba boflo zile zilirudi mjini kama zilivyokuja.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Ratiba ilisema tutaingia kwenye pango moja lenye maji kabla ya kufika Jambiani, pango ambalo jina lake nimeombwa nisiliandike. Katika vijiji vya kusini hadi leo wapo wavyale, watu wa koo zenye dhamana ya ardhi na mizimu ya pahala, ambao zamani mtu hakufyeka kichaka kipya bila ya kwenda kwao. Mvyale wa pango lile ni bibi mwembamba ambaye tulimkuta chini ya mkwaju akisuka ukili, kanga moja kiunoni na nyengine kichwani.

"Shikamoo bibi," alisema kijana. "Tumekuja na wageni."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, kaeni. Lakini pangoni hamuingii leo."

"Bibi, lakini wageni wameshalipa."

"Wamemlipa nani?"

Kijana hakujibu. Alipiga simu ofisini, akasogea pembeni, akarudi na ombi la picha moja tu ya mlangoni, na bibi akaendelea kusuka kana kwamba hakusikia. Baadaye alisema, bila ukali, "Jana tumefukiza. Njooni kesho kutwa." Mzee wetu alikwisha kuvua kandambili na kukaa, na kutokana na kukaa kwake nikafahamu kwamba yeye alilijua jibu tangu asubuhi na hakuna aliyemuuliza.

Lililofuata halikuwa katika ratiba, na ndilo bora kuliko yote niliyoyalipia. Kwa saa nzima au zaidi bibi alituonesha kwa kidole miti inayolizunguka pango ambayo haikatwi hata kwa kuni, akatuambia ni nani alipewa ruhusa ya kulima upande gani na ni nani alinyimwa, na mara kwa mara akamgeukia mzee wakazungumza Kikae, lahaja ya Makunduchi na jirani zake. Mimi nasomesha Kiswahili mwaka wa kumi na nne sasa, na niliambulia nusu. Ilinibidi niombe tafsiri ya Kiswahili kwa Kiswahili mbele ya Wajerumani. Mwalimu mwenzangu, ambaye hapendi mambo ya mizimu na huona yana shirki ndani yake, alijitenga na tasbihi yake. Bibi alimtazama akamwambia, "Na mimi nasali, mwanangu," na adhuhuri ilipoingia yeye ndiye aliyetandika mkeka na kumuelekeza kibla. Hawakuafikiana, lakini walisali pahala pamoja, na huko kusini nadhani ndivyo mambo yalivyo siku zote.

Jioni ile yule bwana wa Kijerumani, ambaye amewahi kufika katikati ya Australia, alitusimulia habari ya Uluru, jabali jekundu la jangwani. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali ya huko iliwarejeshea Waanangu, wenyeji wa asili wa hapo, hati ya ardhi hiyo, nao siku ile ile wakaikodisha serikali kwa miaka 99 iwe hifadhi ya taifa inayoendeshwa kwa pamoja. Kwa miaka mingi waliwaomba wageni wasilipande jabali, na wageni wakaendelea kulipanda, mpaka kulipanda kulipofungwa rasmi tarehe 26 Oktoba 2019. Nililifikiria sana jambo hilo usiku, kwa sababu bibi yetu hana hati yoyote. Kwetu ardhi ni ya serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 humpa mwananchi haki ya kuitumia. Neno "hamuingii" la mvyale halina mhuri. Lilisimama siku ile kwa kuwa sisi saba tulikubali lisimame, na kijana wa ofisini, nitamtendea haki, baada ya simu ya pili naye alikubali.

Pango la Kuumbi, ambalo lipo hapo hapo Jambiani, tuliingia alasiri bila ya shida, na linastahili kila dakika. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta humo alama za watu waliokaa zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya punda milia, mnyama ambaye angefikaje Unguja kama si kwamba zama hizo kisiwa kilikuwa kimeungana na bara? Kijana alilieleza hili kwa ufundi mkubwa, na ninampa alama zote kwa saa ile.

Siku ya tatu ilikuwa nyepesi, karibu yote ukingoni mwa bahari. Maji yalikuwa yametoka, na wanawake walikuwa mbali kwenye kamba zao za mwani, kilimo kilichoanza hapa na Paje mwaka 1989. Karibu zaidi tulipita kwenye marundo ya mawe ambayo chini yake makumbi yamezikwa mchangani yaoze, ili yapigwe yawe usumba wa kusokota kamba. Kutoka Makunduchi gari lilitupeleka Kizimkazi Dimbani, tukasali alasiri katika msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Wakala alitupa robo saa hapo. Ni kidogo mno, na sikuona sababu ya haraka, kwani gari lilikuwa la kwetu peke yetu.

Sasa malalamiko yangu, ambayo ni mawili. La kwanza ni maji: chupa moja ya lita moja na nusu kwa mtu kwa siku nzima ya maweni ni hatari, hata wakati wa kipupwe, na mmoja wa ndugu wa Wete alifika kambini akitetemeka. La pili ni zito zaidi. Nilimuuliza mzee, naye hakuficha, kwamba kwa siku mbili hupewa shilingi elfu thelathini, na kwamba bibi hapewi malipo bali "zawadi", kiasi chake akipange kiongozi wa safari. Mimi peke yangu nilikuwa nimelipa laki tatu na nusu. Niliiandikia ofisi barua ya heshima, nikajibiwa kwamba bibi si mfanyakazi wao. Hilo ni kweli kabisa, na ndiyo maana neno "wenyewe" lingeondolewa kwenye tangazo au lingelipiwa.

Kwa hiyo ninayasifu matembezi haya na simsifu anayeyauza. Atakayekwenda aende kati ya Juni na Agosti, avae viatu vya soli nene, abebe lita tatu za maji hata akiambiwa ni nyingi, na kabla ya kutoa fedha aulize mambo mawili ofisini: mzee atapata ngapi, mvyale atapata ngapi. Wapo vijana wa Jambiani na Makunduchi wanaoweza kuipanga safari hiyo hiyo na wazee wao bila ya ofisi ya mjini, ingawa mahema itabidi uazime na ratiba usiitegemee sana.

Kesho kutwa ya bibi ilikuwa Jumanne. Nilipanda daladala ya Jambiani na kilo mbili za sukari na pakti ya majani ya chai, nikapiga hodi, nikangojea amalize safu aliyokuwa akiisuka. Kisha alinyanyuka akanitangulia, na mlangoni akaniambia nivue viatu. Niliyoyaona humo hayakuwa ya kuandikwa, alisema, na nimekubali. Isipokuwa hili moja aliloniruhusu, kwamba maji yapo, na ni ya baridi.