Mashine ya kusaizi na kupaka grisi risasi ndefu za .45-70: ununue ipi kwanza

Wakuu, hii ni ya sisi tulioko Marekani tunaopiga .45-70 (aina ya zamani ya risasi nene ya bunduki) na tunajimiminia risasi wenyewe nyumbani, hasa zile ndefu za greni 500 kwenda juu (greni ni kipimo cha uzito, 500 ni kama gramu 32), mfano Postell ya Lyman, kalibu namba 457132, greni kama 535. Nimeshaona watu wananunua mashine ya kusaizi (kuipitisha risasi kwenye tundu la chuma ipate kipenyo sahihi) kwa jina tu halafu risasi zinatoka pua imeumia, na mtu analaumu bunduki. Inaniuma kweli.

Kabla hujatoa hela pima mtutu. Chukua kipande cha risasi laini (nasema madini yenyewe, kwetu neno ni moja), kipake mafuta, kisukume taratibu na ufito wa mbao kutoka upande mmoja mpaka kitokee wa pili, halafu kiweke kwenye maikromita. .45-70 nyingi mifereji ya ndani ya mtutu inasoma inchi 0.457 au 0.458, na risasi yako unataka izidi hapo kwa inchi 0.001 au 0.002. Kalibu yako ikitoa 0.459 na ganda lililojazwa linaingia chemba bila kubana, basi usisaizi kabisa, paka grisi tu, umeokoa pesa. Risasi hizi tunazimimina laini, mara nyingi madini ya risasi sehemu 20 kwa bati sehemu 1, na zina urefu wa karibu inchi 1.4, kwa hiyo kila unapozisukuma kwenye chuma unazipa nafasi ya kupinda.

Namba moja kwangu ni dai (die, kile chuma chenye tundu la kusaizi) ya Lee ya kusukuma, ile unayofunga juu ya presi yako ya kawaida ya kujazia maganda. Risasi inakaa kwa kitako kwenye pini, inaingia pua ikitangulia na inatokea juu, pua haiguswi na kitu, na kitako ni bapa kwa hiyo inaenda wima. Ni bei rahisi kuliko zote hapa. Tatizo lake haipaki grisi, ndo maana mi naiunganisha na njia ya kupaka grisi kwenye bati. Panga risasi zimesimama kwa vitako kwenye bati la kuokea keki, nafasi ya kidole katikati, yeyusha grisi kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto (nta ya nyuki inayeyuka nyuzi 63 za Selsiasi hivi, huhitaji moto mkali), mimina polepole pembeni mpaka ifunike mfereji wa grisi wa juu kabisa kwenye risasi. Acha ipoe. Ikianza kuwa na rangi iliyofifia na ukibonyeza inabonyea kidogo bila kunata kidoleni, pindua bati, toa keki nzima, sukuma risasi moja moja kwa dole gumba, zinatoka na mifereji imejaa vizuri mno. Ukishapaka ndo unapitisha kwenye dai, inakwangua ziada yenyewe. Ukichelewa grisi ikawa ngumu kabisa inabaki kwenye keki badala ya mifereji, ipashe tena kidogo.

Ya pili ni Star. Nayo inapitisha risasi pua mbele, inasaizi na kupaka kwa mvuto mmoja wa wenzo, haina mpinzani kwa kasi. Ila dai yake ina vitundu vingi na lazima uzibe visivyolingana na mifereji ya risasi yako, na bei ni ya mtu anayepiga kila wikendi. Kama we ni wa risasi hamsini kwa mwezi, ipite.

Tatu naweka Lyman 4500 na RCBS Lube-A-Matic kwa pamoja, dai zao zinaingiliana. Ni mashine imara na utazikuta nyingi za mitumba. Lakini hapa risasi inasukumwa kwa pua, inashuka halafu inarudishwa juu, na kile kikombe cha kushikia pua kisipolingana kinaacha alama ya duara. Yangu ya kwanza ilinichoraga pua za risasi kama arobaini kabla sijagundua, ikabidi niziyeyushe zote. Vilevile kina cha kushukia risasi kisipowekwa sawa grisi inapanda mpaka kwenye pua au inaingia chini ya kitako. Ukinunua hii, nunua na kikombe cha risasi yako hiyohiyo.

Mwisho kabisa ni kuzungusha risasi kwenye Alox ya maji (grisi ya kimiminika). Kwa baruti isiyo na moshi na mwendo mdogo inatosha. Kwa baruti nyeusi hapana, haibebi grisi ya kutosha, na grisi zenye mafuta ya petroli zinafanya masizi yawe magumu ndani ya mtutu. Baruti nyeusi inataka SPG (grisi ya dukani ya baruti nyeusi) au nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ulainishe masizi. Baada ya risasi tano angalia mdomo wa mtutu, ukiona duara la grisi yenye unyevu inatosha, pakiwa pakavu grisi imeisha njiani.

Nawa mikono kabla ya kula, madini ya risasi ni sumu na watoto wasiguse meza hiyo.

Saizi ya dai ukiwa na mashaka kati ya 0.458 na 0.459, chukua ndogo, funga msasa laini kwenye kijiti, izungushe na upime kila baada ya dakika moja, maana kuipanua inawezekana ila kuirudisha haiwezekani.