Kunstmuseum Basel: nilikwenda kuziona picha zilizopigiwa kura

Tramu namba 2 kutoka stesheni kuu ya Basel, Uswisi, inakushusha mlangoni kabisa pa jumba hili la sanaa. Unapita uani penye sanamu ya Rodin, wale wazee wa mji wa Calais, Ufaransa, wenye kamba shingoni, na wageni wengi hukaa hapo kupiga picha. Mimi nilipitiliza hadi mapokezi, maana nilikuja na shida yangu.

Nimo kwenye kamati ya watu saba. Tunachangisha ili jumba dogo la makumbusho lipate kuonyesha walau kazi moja ya mchoraji mkubwa, na kila tukikutana swali ni lile lile: mtu wa kawaida atoe pesa yake kwa ajili ya picha ya ukutani, kwa nini? Watu wa Basel walilijibu mwaka 1967.

Picha mbili za mchoraji Pablo Picasso zilikuwa humu kwa miaka, lakini mali ya familia ya Staechelin. Aprili mwaka huo ndege ya Globe Air, kampuni ambayo mmoja wa familia hiyo alikuwa na hisa nyingi, ilianguka Saiprasi, wakafa watu 126. Kampuni ikafilisika, picha zikatakiwa kuuzwa. Bei: faranga milioni 8.4. Serikali ya jimbo ikaridhia milioni 6, zilizobaki zikawa za kuchangwa. Watu wakaingia mitaani na sherehe waliyoiita Bettlerfest, sikukuu ya ombaomba, na beji za kumpenda Pablo vifuani.

Waliopinga wakadai ile milioni 6 ipigiwe kura. Hapa ndipo nilipotoa daftari. Desemba 17, ndiyo 32,118, hapana 27,190. Wanawake wa jimbo hilo walikuwa wamepata haki ya kura mwaka mmoja tu kabla. Hebu zitazame namba hizo: hapana ni elfu ishirini na saba! Sisi tukikataliwa na watu kumi tunaahirisha kikao.

Sasa picha zenyewe. Anza na "Les deux frères", yaani ndugu wawili, ya 1906. Mvulana yuko uchi, kasimama, kambeba mdogo wake mgongoni. Rangi ni ya udongo wa mfinyanzi, waridi iliyopauka, mwili na ukuta karibu vifanane. Nilikaa mbele yake zaidi ya nusu saa. Yeyote aliyewahi kumbeba mdogo wake ataujua uzito ule, na nadhani ndiyo maana iliwaingia hata watu wasiojua lolote kuhusu uchoraji. "Arlequin assis" ya 1923 ni tulivu zaidi: mchoraji Jacinto Salvadó kaketi katika vazi la vipande vya rangi, mikono imekutana. Ni nzuri, lakini moyo wangu ulibaki kwa wale ndugu.

Picasso aliposikia habari za kura aliguswa, akaupa mji kazi nne bure, mojawapo mchoro wa matayarisho ya picha yake maarufu "Les Demoiselles d'Avignon". Milioni 8.4 zilinunua picha mbili, zikaja sita.

Kwa atakayekwenda: Jumatatu hufungwa. Picha huhamishwa vyumba, kwa hiyo uliza mapokezi zilipo siku hiyo badala ya kuzitafuta. Kuna mengi mengine, hasa kazi za mchoraji wa kale Holbein, na mkusanyo wenyewe ulianza kuwa mali ya umma tangu 1661, lakini ukiwa na saa mbili tu usizigawe vipande vipande. Wape wale ndugu saa nzima.

Nilirudi na mchoro wa penseli wa yule mtoto mgongoni, nimeuchora mwenyewe humo daftarini. Pembeni yake nimeandika majina ya wote waliotukatalia mwaka huu. Wanne nimeshawapigia simu, na mmoja amekubali kuja kikao kijacho aseme mbele yetu kwa nini hataki.