Duplexa ya mita 2: kabla hujalipa, uliza ufito ni wa madini gani

Repita yetu ya redio ya ridhaa, ule mtambo wa kilimani unaopokea sauti ya redio ndogo na kuirusha tena mbali, ilipata kwikwi. Alfajiri ilikuwa haina neno, mtu wa Moshi mwenye redio ya mkononi anaingia Arusha bila taabu. Ikifika saa saba mchana, mtu huyo huyo akibonyeza, repita inafunguka, inakatika, inafunguka tena, inakatika. Usiku inapona yenyewe. Nimepanda kile kilima mara tatu. Nimebadilisha antena, nimebadilisha waya, nimemlaumu fundi wa sola ambaye hadi leo sijamwomba radhi. Kumbe mgonjwa alikuwa duplexa, niliyoichagua mimi mwenyewe na kujisifu kwenye kikao kwamba nimepata bei nzuri.

Kwa mgeni wa mambo haya: repita inasikiliza na kurusha kwa wakati mmoja, kwa antena ile ile. Kwenye mita 2, yaani masafa yetu ya karibu na megahezi 145, ya kurushia na ya kusikilizia yameachana kwa kilohezi 600 tu. Inarusha wati 50 kwenye megahezi 145.600, na papo hapo inatakiwa isikie 145.000 ishara dhaifu isiyofika hata nusu ya maikrovolti. Duplexa, seti ya mitungi ya chuma inayochuja masafa, ndiyo inayomziba mpiga kelele asimfikie msikilizaji. Ikishindwa, ishara dhaifu inaifungua repita, mitambo inaanza kurusha, masikio yanazibwa, repita inajifunga. Kimya kinarudi, inasikia tena, inafunguka. Ndiyo hiyo kwikwi.

Sitapoteza muda kwenye wati inazobeba wala desibeli inazozuia. Kila tangazo limeandika desibeli 80 au 90, na NanoVNA ninayotumia, kile kipimo kidogo cha bei nafuu, haipimi zaidi ya 70 hivi, kwa hiyo hata ukitaka kubishana na muuzaji huna ushahidi. Mimi nauliza kitu kimoja ambacho hakuna aliyewahi kuniambia niulize: ule ufito wa kurekebishia, unaochomoza juu ya kila mtungi, umetengenezwa kwa madini gani?

Ufito huo ndio unaoshikilia ncha ya nguzo ya ndani, na urefu wa nguzo hiyo ndio unaoamua mtungi uitike kwenye masafa gani. Madini yakipata joto yanarefuka. Shaba nyeupe inarefuka kama sehemu 19 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Ipigie hesabu kwenye megahezi 145: kilohezi 2.7 na kitu kwa kila nyuzi. Kibanda chetu ni cha mabati. Alfajiri kina nyuzi 12, mchana kinapita 40. Mtungi umehama zaidi ya kilohezi 75, wakati nafasi yote tuliyo nayo ni 600 na bonde la kuzuia, yaani pale kwenye mchoro ambapo mtungi unaziba masafa, ni jembamba kama makali ya kisu. Mimi nilikuwa nimeirekebisha saa tatu usiku, kwenye baridi, nikashuka kilimani ninapiga mluzi.

Ufito unaotakiwa ni wa Invar, mchanganyiko wa chuma na nikeli asilimia 36, ambao unarefuka kama sehemu moja na kidogo tu kwa milioni. Aliyeugundua, Mswisi Charles Édouard Guillaume, alipewa Nobel ya fizikia mwaka 1920 kwa kazi hiyo, na kwa maoni yangu walichelewa kumpa.

Sasa, tangazo la seti yangu liliandika "Invar", kwa herufi kubwa. Nilipoifungua nyumbani nikachukua sumaku ya mlango wa friji, nikaigusisha kwenye ufito. Ikaanguka sakafuni. Invar inashika sumaku, shaba haishiki. Jaribio la sekunde mbili. Ila chuma cha kawaida nacho kinashika, kwa hiyo sumaku ikinasa usishangilie. Leta drai ya nywele. Unganisha mtungi mmoja kwenye NanoVNA, pata bonde lake, kisha upulizie joto sehemu ya juu mpaka mkono ushindwe kuvumilia. Ule wangu bonde lilitembea kwenye kioo kama siafu, unaliona kwa macho linakwenda.

Haya, kwa mpangilio wangu:

Ya kwanza ni Wacom WP-641, iliyotumika. Ndiyo, napendelea, na sifichi. Zilitengenezwa Waco, Texas, hazitoki tena kiwandani, na utazipata kwa wazee wa redio ya ridhaa Marekani wanaopunguza vitu gerejini kwao. Mitungi minne minene, na fito za Invar. Shemeji yangu aliyeko Houston alininunulia moja ikiwa na vumbi la miaka na buibui wake. Nikaipulizia drai dakika kumi: bonde lilisogea kidogo tu, nikadhani NanoVNA imeganda. Ukiinunua hakikisha unapewa pia nyaya za kuunganisha mitungi, kwa sababu zimekatwa kwa urefu maalumu, na asiyezijua atakuuzia bila hizo. Zikikosekana, tengeneza kwa waya wa RG-214 au RG-400. LMR-400 ni waya mzuri kwa mengine lakini humu usiiingize: karatasi ya alumini na msuko wa shaba iliyopakwa bati, zikisuguana huku zinabeba kurusha na kupokea pamoja, zinazaa kelele.

Ya pili, Sinclair Q202G ya Kanada. Kazi safi, na kuirekebisha ni kwepesi kuliko Wacom. Nimeiweka ya pili kwa sababu tu ninayoiamini zaidi iko kibandani kwangu. Mwambie muuzaji akutajie masafa iliyotengenezewa. Nyingi zilitoka kwenye mitambo ya teksi na zimamoto huko juu ya 150, na siyo zote zinashuka hadi 145 kwa hiari.

Ya tatu ni mpya kabisa, Telewave TPRD-1554. Kama kilabu chenu kina mfadhili, nunueni, mlale. Sisi tulipoona bei tukafunga kompyuta.

Zile duplexa bapa za Kichina zenye vijumba sita: kwa sentimita 70, yaani masafa ya juu zaidi, karibu megahezi 435, ambako masafa yameachana kwa megahezi kadhaa, chukua. Kwa kilohezi 600, hapana.

Usafiri sasa. Mtungi wa mita 2 una urefu wa zaidi ya nusu mita, maana robo ya wimbi peke yake ni karibu sentimita 52. Boksi likiwa kubwa lakini jepesi, kampuni za ndege zinakutoza kwa ukubwa wake, siyo uzito, kwa hiyo unalipia hewa iliyomo ndani ya mitungi. Mimi nimelipia hewa ya alumini kutoka Asia kwa fedha ambayo ingenunua Wacom nzima. Nilipomwandikia muuzaji na picha ya sumaku, akajibu kwa upole kwamba nirudishe mzigo kwa gharama yangu, kisha atanirudishia fedha "baada ya ukaguzi". Nilimuuliza ukaguzi wa nini, wakati sumaku imeshakagua. Hakujibu tena, na tangazo lake bado lipo, Invar kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata senti, omba video: mkono wa muuzaji, sumaku, ufito. Wawili kati ya wanne niliowaomba walipotea hapo hapo. Wa tatu alinitumia video ya sumaku ikishika skrubu ya mfuniko, akidhani sitaona.

Ile seti yangu ya kwanza niliipeleka kwa wanaoyeyusha alumini. Wamenipimia kwa kilo, bila kunilipia hewa. Kwa sasa itakuwa imeshakuwa sufuria, na huko ikipata joto hakuna atakayelalamika.