Sindano na Uzi wa Kujifunzia Kufuma: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Kitanzi kinachochopoka kabla hujakiona ndicho kinachowakatisha tamaa wanaoanza kufuma, na mara nyingi kosa ni la sindano. Ndiyo maana tumezipanga sindano kwa kuangalia kama zinaushika uzi. Anza na unene wa mm 5. Chini ya mm 4 vitanzi huwa vidogo mno kwa jicho lisilozoea.

1. Sindano za mviringo za mianzi, sm 80

Ni vijiti viwili vifupi vilivyounganishwa kwa kamba laini. Wengi hudhani ni za kufumia vitu vya duara tu, kumbe hata skafu bapa hufumika: ukimaliza mstari, geuza kazi, badilisha mikono, endelea. Uzito wa kazi hulala mapajani, mikono ikapumzika. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha pale kamba inapoingia kwenye kijiti. Ukucha ukikwama, uzi nao utakwama hapo kila mstari. Kamba iliyojikunja ichovye kwenye maji ya moto kwa dakika moja, uivute inyooke; vijiti vyenyewe visiguse maji.

2. Jozi ya mianzi iliyonyooka, sm 25 hadi 30

Inashika uzi vilevile, ila kazi pana huijaza haraka na kulemea viganja.

3. Alumini

Uzi huteleza, kwa hiyo mkono mgeni hupoteza vitanzi. Ukishazoea, utelezi huohuo unakupa kasi.

4. Plastiki

Sindano nyembamba za plastiki hupinda, na uzi wa akriliki hung'ang'ania juu yake. Tunazikubali kuanzia mm 8 tu, ambako wepesi wake una faida.

Seti za kubadilisha ncha zisubiri hadi ujue unene unaoutumia zaidi.

Uzi

Tafuta lebo inayopendekeza sindano za mm 4.5 hadi 5.5, gramu 100 za uzi huo huwa na takriban mita 200. Sufu ni ya kwanza kwa sababu inavutika, na vitanzi visivyolingana hujisawazisha ukiiosha na kuitandaza ikauke. Akriliki ni ya pili: inafaa kabisa kwa mazoezi, lakini usiipige pasi, italegea na haitarudi. Pamba huonyesha nakshi vizuri sana, ila haivutiki na vidole huchoka mapema.

Chagua rangi moja, iliyo nyepesi. Kwenye uzi mweusi huwezi kutofautisha kitanzi cha mbele (uzi ukiwa nyuma ya sindano) na cha nyuma (uzi ukiwa mbele), na hapo mfumo wa mbavu, mbele 2, nyuma 2, huharibika bila wewe kujua. Uzi wenye manyoya uache kabisa, ukikosea, haufumuki kirahisi. Kwa kazi kubwa, hakikisha madonge yote ya uzi yana namba moja ya mkupuo wa kutia rangi (si namba ya rangi tu) kwenye lebo, la sivyo mstari wa tofauti utaonekana.

Ukifika kwenye mapambo

Misuko inahitaji sindano moja ndogo ya ziada, na iliyopinda katikati ni bora kwa kuwa haichopoki. Kwa msuko wa vitanzi 6, hamishia 3 kwenye sindano hiyo, iweke mbele ya kazi, fuma 3 vinavyofuata, kisha vile 3 ulivyovihifadhi. Msuko utaegemea kushoto. Ukiiweka nyuma, utaegemea kulia. Misuko hubana kitambaa, kwa hiyo ongeza uzi.

Mfumo wa matundu ndio unaostahili sindano mpya, ya alumini yenye ncha kali. Ncha butu huingia kwa shida unapofuma vitanzi viwili pamoja. Kila tundu (uzi unaozungushiwa sindano) huongeza kitanzi kimoja na kila viwili vya pamoja hupunguza kimoja, hivyo hesabu kila mwisho wa mstari wa matundu. Kikipungua kimoja, karibu kila mara umesahau kuzungushia uzi kwenye sindano. Vitenganishi vya kuhesabia usinunue. Vipande vya uzi wa rangi nyingine, vilivyofungwa kama pete, vinatosha.